Jiwe si breki: Tujifunze kuitunza breki ya mkono

Kuna ada moja iliyoota mizizi katika mji wetu wa Nakuru, na pengine katika miji yote ya Bonde la Ufa, ambayo sioni ikizungumzwa magazetini wala katika mabaraza ya wakuu. Mwenye gari akishaliegesha mahali penye mteremko, hushuka, hutazama huku na huko, huokota jiwe na kulitia nyuma ya gurudumu. Wengine hawana hata haja ya kutafuta, kwani jiwe lao husafiri nalo butini, kama msafiri wa kale alivyosafiri na kibuyu chake cha maji. Ukimwuliza mtu huyo kulikoni, atakujibu bila haya yoyote kwamba breki ya mkono, au handibreki kama tulivyozoea kuiita, "ilikufa zamani."

Ningependa kusema leo, bila kumung'unya maneno, kwamba jiwe si breki. Aidha, ningependa kutoa hoja ambayo yamkini itawakasirisha baadhi ya wasomaji wangu: mwenye gari asiyejua hali ya breki yake ya mkono hastahili kuliegesha gari hilo mahali wanapopita watoto wa watu. Na kwa wale wenye magari ya aina niliyo nayo mimi, kazi ya kuvibadilisha viatu vya breki hiyo si muujiza. Inaweza kufanyika nyumbani, siku ya Jumamosi, kwa vifaa vichache na subira nyingi.

Hebu tuanze na mji wenyewe. Nakuru, iliyotunukiwa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba, 2021, imejengwa juu ya mteremko. Kaskazini kuna Menengai, ambayo ukingo wake unafika mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Kusini kuna Ziwa Nakuru, lililo kwenye kimo cha zaidi kidogo ya mita 1,750. Baina ya viwili hivyo ndipo mji ulipotandazwa. Si ajabu basi kwamba mtaa mmoja mashuhuri wa hapa ukaitwa Milimani. Gari likiponyoka huko juu halina budi kushuka, na huko chini linakoelekea hakukosi mwuza mboga, mwendesha bodaboda, au mtoto arudiye nyumbani kutoka shule.

Ukitoka nje ya jiji, hali haiwi nafuu. Nenda Subukia, nenda Molo, nenda Elburgon, au ushuke Mai Mahiu kwa barabara ile iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Nchi yetu hii ni ya kupanda na kuteremka. Mkazi wa Lamu anaweza kuishi miaka mingi bila kuihitaji breki ya mkono, lakini mkazi wa Bonde la Ufa anaihitaji kila anapozima injini.

Isitoshe, kuna vumbi. Inasemekana kwamba hata jina la Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Vumbi hilo la udongo wa volkeno, likichanganyika na maji ya mvua, hupenya kila upenyo wa gari na kukauka humo. Breki ya mkono, ambayo hukaa kimya ndani ya kasha lake kwa siku nyingi bila kutumiwa, ndiyo huathirika zaidi. Kutu huingia, springi hukatika, waya wake hukwama, na hatimaye mwenye gari huvuta mkono usioshika chochote.

Labda ni vyema nieleze kwa muhtasari jinsi breki hii inavyofanya kazi, maana wengi wetu huivuta pasipo kujua kinachotendeka huko nyuma. Ule mkono ulio kando ya kiti umeungana na waya mnene wa chuma unaopita chini ya gari hadi kwenye magurudumu ya nyuma. Katika magari mengi yenye diski nyuma, sehemu ya katikati ya diski hiyo imetobolewa kwa ndani mfano wa sufuria. Ndani ya sufuria hiyo mna viatu viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mwandamo, vikitazamana, na juu ya kila kimoja pamegundishwa lainingi ya kusugulia. Ukivuta mkono, waya huvuta kiwiko kidogo cha chuma, kiwiko nacho huvisukuma viatu nje vikaibana sufuria, na gari likatulia. Breki ya mguu hutumia mafuta, lakini hii hutumia waya mtupu. Ndiyo maana breki ya mguu ikishindwa, bado hii ya mkono yaweza kukusaidia.

Lakini kuna jambo linalowachanganya watu. Viatu hivi haviishi haraka kama pedi za breki za mbele, kwa sababu kazi yake hasa ni kulizuia gari lililokwisha kusimama. Hali hiyo humfanya mwenye gari aamini kwamba havihitaji kutazamwa. Kumbe maradhi yake ni mengine. Kuna wale wanaosahau kuushusha mkono wakaendesha hivyo kutoka Lanet hadi mjini, lainingi ikaungua na kuwa ngumu na laini kama kioo. Kuna sili ya ekseli inayovuja mafuta yakalowesha viatu. Kuna kutu inayoingia kati ya chuma na lainingi hadi vikaachana kabisa. Tena wako vijana ambao, tangu mashindano ya Safari Rally yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 kule Naivasha, huvuta breki ya mkono ghafla gari likiwa mbioni ili lizunguke kwa madaha. Magari ya mashindano hufungwa breki maalum kwa kazi hiyo. Gari la baba aliloliazima kijana halikuundwa kwa michezo hiyo.

Nimewahi kuyasikia majibu ya kila aina kuhusu suala hili. Fundi mmoja hapa mjini, nilipomwuliza juu ya breki ya mkono iliyolegea, aliniambia kwa upole, "Mzee, hiyo isikusumbue. Weka gia ya kwanza tu, itashika." Wenye magari yanayojibadilishia gia yenyewe nao husema kwamba herufi P inatosha. Kwa heshima zote, siwezi kuyakubali majibu hayo. Gari lililoachwa kwenye gia linazuiwa na mgandamizo wa injini tu. Injini ikiwa imechakaa, gari huweza kujongea kidogo kidogo, na mtoto akiuchezea ule mti wa gia likaachiliwa mara moja. Ama ile herufi P, kazi yake hufanywa na kijino kimoja cha chuma kinachoingia katika gurudumu lenye meno ndani ya giaboksi. Kukitwika kijino hicho uzito wote wa gari kwenye mteremko, kila siku, mwaka hadi mwaka, ni kukionea. Gia na P ni wasaidizi. Breki ya mkono ndiyo yenye kazi.

Na jiwe je? Jiwe nalo lina kasoro zake. Mvua ikinyesha, udongo hulainika na jiwe likateleza. Mpita njia akihitaji jiwe la kupigilia msumari huliokota. Mwenye gari mwenyewe akiondoka huliacha barabarani, na usiku mwendesha pikipiki akaligonga. Ni wangapi walioumia kwa mawe yaliyoachwa namna hiyo katika barabara zetu? Tumeligeuza tatizo la mtu mmoja kuwa hatari ya umma.

Hapa sina budi kugusia jambo lililo kubwa kuliko gari langu na lako. Kila mkazi wa eneo hili anaijua sifa mbaya ya mteremko wa Sachangwan na Salgaa, ambako madereva wa malori walizoea kuondoa gia ili kuokoa mafuta, wakaziachia breki mzigo wote hadi zikapata moto na kushindwa. Tarehe 30 Juni, 2023, katika makutano ya Londiani, lori lililoshindwa kusimama liliwavamia wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walipoteza maisha yao. Sisemi kwamba breki ya mkono ya gari dogo ndiyo iliyosababisha maafa hayo, wala sitaki kuyachanganya mambo yasiyohusiana. Ninachosema ni kwamba mazoea ya kuidharau breki hayaanzi siku dereva anapokabidhiwa trela lenye magurudumu 22. Huanza pale kijana anapomwona babake akitia jiwe nyuma ya gurudumu na kuingia nyumbani kula chakula cha jioni bila wasiwasi.

Sasa niingie katika kazi yenyewe. Gari langu ni la jamii iliyoenea sana hapa kwetu, lililotumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa, na lina diski katika magurudumu yote manne. Breki yake ya mkono ilipoanza kulegea, niliamua kuitazama mwenyewe uani, nikisaidiwa na binti yangu ambaye kwa wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Nayaeleza tuliyoyafanya ili msomaji aweze kuamua kama anaiweza kazi hii au la.

La kwanza ni mahali. Gari liwe juu ya uwanda tambarare na mgumu, si kwenye nyasi wala mteremko. Magurudumu ya mbele yazuiwe kwa kabari za mbao mbele na nyuma, na gia iwe imeingizwa. Hapa kabari ina heshima yake, kwa kuwa inasaidia kazi ya saa mbili. Nati za magurudumu ya nyuma zilegezwe kabla ya gari kuinuliwa. Kisha liinuliwe kwa jeki na likalishwe juu ya stendi za chuma. Narudia, stendi za chuma. Jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kushikilia. Na yale mawe ya kujengea tunayoyachimba katika machimbo ya hapa Nakuru, mepesi na yenye vitundu, hupasuka ghafla yanapotwikwa uzito. Asiye na stendi na asiweze kuziazima, basi kazi hii aiache.

Gari likishatulia juu ya stendi, breki ya mkono hushushwa na magurudumu yakaondolewa. Kalipa ya breki ya mguu, ambayo hushikiliwa na bolti mbili, hufunguliwa na kuning'inizwa kwa waya kwenye springi ya gari. Isiachwe ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, kwani mpira huo ukichanika ndani umejitafutia msiba mwingine. Baada ya hapo diski hutolewa. Mara nyingi hugoma kwa sababu ya kutu. Diski nyingi zina tundu dogo lililozibwa kwa mpira. Ukiingiza bisibisi humo utakigusa kigurudumu chenye meno mfano wa nyota kinachorekebisha nafasi ya viatu, na ukikizungusha vizuri viatu hurudi ndani na diski ikakubali kutoka. Ikiendelea kugoma, igongwe taratibu kwa nyundo huku ikizungushwa.

Jambo tulilolikuta lilinifundisha zaidi ya hotuba yoyote. Kwa mbali viatu vya upande wa kushoto vilionekana kuwa vizima, lainingi ikiwa bado nene. Lakini binti yangu alipoigusa kwa ncha ya bisibisi, lainingi ya kiatu kimoja ilibanduka nzima ikaanguka chini kama ganda la mti mkavu. Kutu ilikuwa imekwisha kuitenganisha na chuma. Fundi yeyote angaliweza kuuvuta mkono, akakaza waya na kuniambia kwamba mambo yako sawa, na kwa siku chache yangalikuwa sawa kweli. Kukaza waya bila kufungua ndani ni kumpaka mgonjwa poda usoni.

Katika kufungua, tulishika kanuni moja: upande mmoja kwa wakati mmoja. Ule ambao haujaguswa hubaki kuwa kielelezo. Siku hizi tuna bahati ya simu zenye kamera, na binti yangu alipiga picha kila hatua, springi ipi imepita wapi na ndoano yake imetazama upande gani. Springi hizi zina nguvu na huweza kuruka zikakudhuru jicho, hivyo miwani ya kujikinga si anasa. Viatu vipya viliwekwa kando ya vile vya zamani tukalinganisha umbo, upana na matundu yake. Pale ambapo viatu husugua lile bamba la chuma la nyuma, tulipaka grisi kidogo sana ya aina inayostahimili joto. Grisi isifike kwenye lainingi hata chembe. Nacho kile kigurudumu cha nyota kilisafishwa, kikalainishwa na kurudishwa upande wake, kwa sababu katika magari mengi cha kushoto na cha kulia havibadilishani.

Diski iliporejeshwa, tulikizungusha kigurudumu kile hadi viatu vikaigusa diski na kuizuia, kisha tukakirudisha nyuma kidogo hadi diski ikazunguka bila kizuizi. Baada ya kumaliza pande zote mbili ndipo tulipourekebisha waya. Mkono wa breki ukivutwa hutoa mlio wa ta, ta, ta. Idadi ya milio inayotakiwa imeandikwa katika kitabu cha gari, na kwa magari mengi haizidi 9. Ukivuta ukapata mlio mmoja tu, umekaza kupita kiasi na viatu vitaungua. Ukipata 15, hujafanya kitu. Nati za magurudumu zilikazwa kwa kukingama, na breki ya mguu ikakanyagwa mara kadhaa kabla ya gari kusogezwa. Jaribio la mwisho tulilifanya kwenye mteremko mdogo usio na watu, mguu wangu ukiwa tayari juu ya breki. Gari halikujongea.

Kuna onyo moja ambalo mafundi wetu wengi hulipuuza, nami naliandika kwa herufi nzito moyoni mwangu. Usilipulize vumbi lililomo ndani ya breki, kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Kwa miaka mingi lainingi za breki zilitengenezwa kwa asbestosi, madini ambayo Shirika la Afya Duniani limethibitisha kuwa husababisha saratani ya mapafu. Japani iliyapiga marufuku matumizi yake katika lainingi za breki mwaka wa 2004, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka wa 2005. Hata hivyo, gari kuukuu halitoi cheti cha kuonyesha limewahi kufungwa viatu vya aina gani, wala spea za bei rahisi haziji na maelezo ya kuaminika. Vumbi hilo lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kitambaa chenyewe kitiwe mfukoni na kutupwa. Inasikitisha kuwaona vijana wa jua kali wakilipuliza usoni mwao mchana kutwa, bila hata kipande cha nguo puani.

Nimegusa jua kali, na najua hapa ndipo nitakapopingwa. Wako watakaoniuliza: je, huoni kwamba unawanyang'anya mafundi hao tonge mdomoni? Ni swali la haki, kwa maana sekta hii inawalisha Wakenya wengi mno. Shirika la Kazi Duniani liliitambua katika ripoti yake kuhusu Kenya mwaka wa 1972, na serikali yenyewe ikaiandikia waraka maalum wa sera mwaka wa 1992. Singependa kuwa adui wa watu wanaofanya kazi juani ilhali wengine wamekaa kivulini.

Lakini naomba tuitazame hali kwa makini. Fundi hunyimwa riziki na mteja asiyejua kitu zaidi kuliko anavyonyimwa na mteja anayejua. Asiyejua hupiga bei hadi chini, hukataa kununua kipuri kinachofaa, na kusema "funga hiyohiyo ya zamani, nitarudi." Halafu gari likileta balaa, lawama ni ya fundi. Anayejua hulipia kazi nzuri kwa kuwa anaweza kuitambua. Mimi mwenyewe ningali nampelekea fundi wangu mambo ya injini, giaboksi na umeme, na siku hizi tunazungumza kama watu wanaoelewana. Tena baadaye nilimwonyesha ile lainingi iliyobanduka, naye akaitundika ukutani mwa kibanda chake ili wateja wengine waione.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuna wanaosema kwamba breki si kitu cha kuchezewa na wasiosomea ufundi. Hapa nakubaliana nao kwa sehemu. Kama gari lako lina dramu nyuma, kama ilivyo Probox, viatu vilivyomo humo hutumikia breki ya mguu pia. Ukikosea hapo umeikosea breki yenyewe, kwa hiyo fanya kazi hiyo ukisimamiwa na anayeijua. Kama breki yako ya mkono ni ya kubonyeza kitufe, usiiguse, kwani inahitaji kompyuta. Ukikuta sili inavuja mafuta, simama hapo, mwite fundi. Kujua mpaka wa uwezo wako ni sehemu ya ujuzi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kusema "sehemu hii siiwezi" na kusema "sitaki kujua."

Pia lazima tuseme kuhusu wauza spea. Wapo waaminifu, na wapo wanaouza viatu ambavyo gundi yake haiwezi kustahimili msimu mmoja wa mvua. Ukinunua, tazama kama lainingi imeshikana na chuma pande zote, kama pande zake ni sawa, na kama kuna jina la mtengenezaji lililopigwa juu ya chuma. Seti moja nzuri ilinigharimu chini ya nusu ya fedha ninazolipa kujaza tangi la petroli. Mtu anayeweza kulijaza tangi hilo kila mwezi hawezi kuniambia kwamba umaskini ndio unaomfanya asafiri na jiwe butini.

Kwa maoni yangu, kiini cha tatizo ni elimu. Shule zetu za udereva humfundisha mwanafunzi kusogeza vigari vya kuchezea juu ya ubao wa mji wa kuigiza, akajibu maswali ya alama za barabarani, kisha akapewa leseni bila kufunguliwa hata gurudumu moja. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, tuliahidiwa kwamba kila mtoto angetoka shuleni akiwa na ufundi mikononi. Ahadi hiyo ilikosa karakana na vifaa, masomo ya mikono yakapunguzwa mwaka hadi mwaka, na wazazi wenyewe wakayaita masomo ya wasiojiweza. Sasa tuna mtaala wa umilisi, nao umeahidi mambo yayo hayo. Sitaki kuutabiria mabaya. Nasema tu kwamba umilisi hauandikwi ubaoni.

Tumesahau kwamba ufundi haukuwahi kumshushia mtu hadhi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeshinda Safari Rally mwaka wa 1965, 1974 na 1976, alianza kwa kushika spana katika karakana ya babake. Aliendesha vizuri kwa sababu alilijua gari ndani na nje. Leo tunao watu wanaojivunia gari jipya ambao hawajui jeki yake imehifadhiwa wapi.

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, vyuo vyetu vya ufundi, kikiwamo Rift Valley National Polytechnic hapa Nakuru, viwafungulie wananchi milango Jumamosi moja kwa mwezi, wenye magari wafundishwe kukagua breki, taa na magurudumu kwa ada ndogo. Wanawake waalikwe kwa moyo mkunjufu, kwani wao hudanganywa zaidi katika gereji. Pili, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani iingize katika mtihani wa leseni swali moja la vitendo: mwonyeshe mtahini jinsi unavyohakikisha kwamba breki ya mkono inashika. Kwa miaka mingi ukaguzi wa kila mwaka umeyabana hasa magari ya abiria na ya biashara, lakini gari la kibinafsi likiteremka bila dereva halichagui wa kumgonga. Tatu, serikali ya kaunti, inayotutoza ada ya kuegesha, iwaamuru askari wake waandike onyo kwa kila gari lililozuiwa kwa jiwe katikati ya jiji.

Lakini kabla ya chuo, mamlaka na kaunti, kuna wewe na mimi. Jioni ya leo, nenda kwenye mteremko mdogo usio na watu. Kanyaga breki ya mguu, toa gia, vuta breki ya mkono, kisha uachilie mguu polepole. Gari likitulia, shukuru na ukumbuke kulijaribu tena kila baada ya miezi michache. Likisogea, umeonywa, na huna tena ruhusa ya kusema hukujua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta mwingine haujengeki tena, kwa maana ni uhai wa mtoto wa jirani.